Balozi Aliyekataa Kutia Sahihi

Kabla hajaitwa Balozi, Kiilu wa Mulei aliitwa Mwana wa Mzani, na waliompa jina hilo hawakuwa wanampenda.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Wanunuzi wa mbaazi walikuwa wakija soko la Mukuyuni na madebe yao wenyewe, madebe yaliyogongwa nyundo kwa ndani mpaka yakatoka tumbo kama ng'ombe aliyevimbiwa. Mama alijaza debe, mnunuzi akalitikisa, akalisukuma kwa goti, akasema, "Bado, mwaitu, mama yangu, ongeza." Naye mama akaongeza. Kila mtu alijua anaibiwa, lakini mbaazi zilizobebwa kichwani tangu alfajiri hazirudishwi nyumbani.

Kiilu alikuwa mpakizi wa mizigo katika stesheni ya reli ya Emali. Uzito wa gunia aliujua kwa mgongo wake. Siku moja ya soko alishuka Mukuyuni kununua mbaazi, akiwa na mzani wa kuning'iniza alioununua kwa mchinjaji mmoja aliyekuwa akifunga duka. Akautundika kwenye boriti ya kibanda cha fundi viatu, akasimama kando yake, mikono nyuma.

"Nani amekupa ruhusa?" mkubwa wa wanunuzi alimuuliza.

"Ruhusa ya kupima?"

"Ruhusa ya kutuharibia soko."

"Soko linaloharibiwa na mzani," Kiilu alisema, "lilikuwa limeoza kabla sijafika."

Walimpiga mchana ule ule, mbele ya watu, na jino la mbele likabaki pale pale sokoni. Siku ya soko iliyofuata alirudi na mzani wake na pengo lake. Watu walimzunguka wakimtazama, hakuna aliyethubutu kumsogelea, mpaka msichana mmoja akapenya katikati yao na kapu la mama yake, akalitundika kwenye ndoano bila kumwomba mtu njia. Msichana huyo aliitwa Kalunde. Kiilu alipima, akalipa, kisha akasahau kumpa kapu lake. Walipooana, Kalunde alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye hakuposwa, alipimwa.

Wakapanga chumba Emali, kwenye njia panda ya kwenda Loitokitok, wakafungua duka. Kalunde ndiye aliyekuwa duka lenyewe. Kiilu alikuwa barabara. Katikati ya miaka ya sabini walikuwa na malori mawili ya Bedford, na juu ya kioo cha lile la kwanza Kiilu alimwambia mchoraji aandike SIOMBI NJIA. Mchungaji wa kanisa lao alimshauri aandike mstari wa Zaburi badala yake. Kiilu alimsikiliza kwa heshima, akaacha maneno yake yalivyokuwa.

Malori yalimfikisha Mwingi, na Mwingi alimpata Abubakar, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye babu yake alitoka pwani akifuata misafara, akaoa huko na kubaki. Abubakar alinunua mbuzi kwa wafugaji waliokuja kwa njia ya Garissa. Kiilu aliwabeba mpaka Emali na Nairobi. Hawakuwahi kuandikiana mkataba. Idd ilipofika, Kalunde alituma unga na sukari Mwingi. Krismasi, mbuzi wa Abubakar alishuka Emali akiwa hai na mwenye hasira.

Ukaja mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa. Watu wanaoukumbuka hawapendi kuusimulia. Wakati huo mahindi hayakuruhusiwa kuvuka mpaka wa wilaya bila kibali, na kibali kilipita mikononi mwa wakubwa. Mbunge wa sehemu yao, Mheshimiwa Nzioka, alikuwa mtu wa suti nyeupe na maneno matamu. Mahindi ya msaada yaliingia ghala lake yakatoka kwa kujuana. Ukimpigia makofi, unakula.

Kiilu alikwenda kuomba kibali. Akaambiwa arudi kesho. Kesho akaambiwa arudi wiki ijayo. Alirudi nyumbani, akamkuta mama mmoja wa kanisa, Nthenya, ameketi kizingitini mwa duka na wajukuu wake. Hakuwa ameomba kitu. Alikuwa ameketi tu, maana miguu ilikuwa imekataa kumfikisha mbele.

"Mama Mutheu," Kiilu alimwambia mkewe, maana Mutheu ndiye kifungua mimba wao, "wape hawa chakula. Mimi nakwenda kutafuta mahindi."

"Na kibali?"

"Nikirudi nayo watanipa."

Hakupewa. Safari ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, na watu wa Mukuyuni wakapika isyo, mahindi na maharagwe, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Safari ya tatu askari walimngoja kwenye kizuizi cha barabarani. Mahakamani hakimu alimuuliza kama anakiri kosa.

"Nakiri nilibeba mahindi," Kiilu alisema. "Kosa silikiri."

"Bwana, jibu ni ndiyo au hapana."

"Basi andika mahindi, ndiyo. Kosa, hapana."

Alifungwa miezi kadhaa. Alipotoka, alikuta watu wamejaa barabarani kutoka stesheni mpaka dukani, na Nthenya mbele yao akiimba. Mheshimiwa Nzioka alipita na gari lake siku hiyo ikambidi asubiri wamalize kuimba. Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa nani angesimama dhidi ya nani.

Uchaguzi wa themanini na nane ulikuwa wa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mpiga kura alijipanga nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, hadharani, kila mtu akimwona. Katika uwanja wa soko mlolongo wa Kiilu ulianzia kwenye lango la kichinjio, ukapita kinu cha posho, ukapinda nyuma ya kanisa, na mwisho wake ukapotea kwenye miiba. Mlolongo wa Nzioka ulikuwa mfupi kiasi kwamba wa kwanza na wa mwisho waliweza kuombana kiberiti.

Msimamizi wa uchaguzi alitembea kando ya mlolongo mmoja, akatembea kando ya mwingine, akaandika. Kisha akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba Mheshimiwa Nzioka ameshinda.

Hata Nzioka mwenyewe alikohoa. Ndipo Kiilu akapaza sauti, "Msiende nyumbani! Kaeni chini pale pale mliposimama. Mtu aliyeketi anahesabika pia."

Mlolongo mzima ukaketi, kutoka kichinjioni mpaka mwituni. Nthenya alitandika leso yake akaikalia, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Askari walipokuja na rungu, watu waliinuka mmoja mmoja, lakini waliinuka polepole sana, na mpaka leo kuna watu Emali wenye kovu la siku hiyo na hawalifichi.

Baada ya hapo Kiilu hakunyamaza. Alikwenda soko hadi soko, na kila alipoulizwa habari yake alijibu, "Mimi ni mtu aliyeshinda." Alikatazwa kufanya mikutano. Akasema hafanyi mikutano, anauza mbaazi, na kama wanunuzi wanamwuliza maswali yeye hakufundishwa kuwanyima wateja majibu.

Wakubwa wakafikiri. Kumfunga tena kungemfanya awe mkubwa zaidi. Mwaka ukaisha hivyo.

Siku moja Kiilu na Abubakar walikuwa nyuma ya duka wakila mchana, redio ikizungumza peke yake, ikafika taarifa ya habari ya saa saba. Msomaji akataja majina ya walioteuliwa kushika nyadhifa mbalimbali. Kiilu alikuwa na kipande cha nyama mdomoni aliposikia jina lake. Bwana Kiilu Mulei alikuwa ameteuliwa kuwa balozi katika Visiwa vya Santelmo na Visiwa vya Ravinala.

Nje watu wakaanza kupiga vigelegele. Kiilu akamtazama Abubakar.

"Ziko wapi hizo?"

"Baharini," Abubakar alisema, akaweka kijiko. "Mbali. Wamekutosa, ndugu yangu. Wamekutosa na wamekuvalisha tai."

Hakuwa amekosea. Zilikuwa nchi mbili ambazo, ukiziunganisha na kuzikamua maji, zisingejaza nusu ya wilaya ya Machakos. Kiilu akasema haendi. Alisema hivyo akiwa amesimama, akasema tena akiwa ameketi, na jioni akamwambia Kalunde.

Kalunde alikuwa akichambua pojo kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Ukikataa, watasema ulipewa kazi ya maana ukaogopa kiti. Na leseni za malori hazitafika mwisho wa mwezi."

"Kwa hiyo niende nikanyamaze huko?"

"Nani amekwambia unyamaze? Baba Mutheu, wewe ulipigwa Mukuyuni ukarudi. Sasa wanakupa gari na bendera, unashindwa kwenda? Nenda ukaifanye hiyo kazi mpaka wajute kukupa."

"Na wewe?"

"Mimi siendi popote. Duka likifungwa siku moja tu, watasema tulikimbia."

Akaenda. Hakuwahi kupanda ndege kabla ya hapo, na hakumruhusu mtu kumfunga mkanda.

Ubalozi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la mikate, katika mji mkuu wa Santelmo. Paa lilivuja mahali ambapo bendera ilisimamishwa. Alipokelewa na katibu wa ubalozi, Muthoki, mwanamke wa Kitui aliyesoma mambo ya nchi za nje mpaka ng'ambo na kusema Kifaransa bila kujikwaa. Muthoki alimwonyesha ofisi, akamwonyesha kiti kirefu cha kujilaza ambacho balozi aliyetangulia alikiacha barazani, akafunga mlango.

"Bwana Balozi, niseme ukweli au niseme kama katibu?"

"Ukweli, mwanangu."

"Hapa si mahali pa kazi. Hapa ni mahali pa kutuliza watu."

"Watu gani?"

"Kama wewe."

Kiilu alicheka mpaka pengo likaonekana. Kesho yake alimpa mlinzi kile kiti apeleke kwake.

Muthoki akamfundisha kazi: nani husalimiwa kwanza, barua ya namna gani hujibiwa na ya namna gani huachwa ilale, kwa nini waziri akisema "tutaangalia" maana yake ni hapana. Kiilu alikuwa mwanafunzi mgumu lakini hakuwa mwanafunzi mvivu. Jioni alitembea sokoni. Watu wa visiwa hivyo, wengi wao wajukuu wa vibarua walioletwa zamani kulima miwa, walikula mbaazi zilizopasuliwa karibu kila siku, na mbaazi hizo zilitoka mbali, zikipita bandari baada ya bandari, na zilipofika bei yake ilikuwa imepanda kama homa. Kiilu alichota kiganja kimoja kutoka guniani, akazinusa. Zilikuwa za zamani. Aliporudi ofisini alikuwa akitembea kama kijana.

"Muthoki, hawa watu wanakula nzuu!"

"Wanakula nini?"

"Wewe ni Mkamba wa wapi? Nzuu! Mbaazi. Na sisi Mukuyuni tunazimwaga kwa bei ya kutupa."

Ilichukua zaidi ya mwaka. Muthoki ndiye aliyejua mlango wa kubisha na maneno ya kuandika. Bila yeye Kiilu angebaki kunusa magunia. Waziri wa biashara wa Santelmo, Madamu Odile, alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa kupotezewa muda, na wakaelewana. Huku Emali, Kalunde aliwakusanya wakulima wa Mukuyuni wakaandikisha ushirika, na Nthenya, ingawa macho yalikuwa yameanza kufifia, akachaguliwa kushika mhuri. Makubaliano yakawa wazi: Santelmo ingenunua moja kwa moja kutoka kwa ushirika. Hakuna dalali katikati.

Habari ya kitu kizuri haikosi kufika kwa asiyestahili. Mheshimiwa Nzioka alikuwa sasa waziri msaidizi. Akatangaza kwamba yeye mwenyewe angeongoza ujumbe kwenda Santelmo kutia sahihi mkataba wa mbaazi.

Kiilu alimpokea uwanja wa ndege kama kazi ilivyomtaka, na shada la maua.

"Balozi!" Nzioka alisema akimpiga bega. "Bahari imekupenda. Umenenepa."

"Karibu, Mheshimiwa. Na wewe hujambo."

Garini Nzioka alitoa mkataba kwenye mkoba wake. Haukuwa ule waliokubaliana. Jina la ushirika lilikuwa limeondolewa, na mahali pake pakawekwa kampuni moja ya Nairobi ambayo Kiilu hakuwahi kuisikia, nayo ndiyo peke yake ingeruhusiwa kuuza mbaazi visiwani. Wakulima wangeuzia kampuni, kwa bei ya kampuni.

"Kampuni ya nani hii?" Kiilu aliuliza.

"Ya wananchi."

"Wananchi wangapi, Mheshimiwa? Wanaweza kujaa ndani ya gari hili?"

Nzioka akatabasamu. "Sikiliza, Kiilu. Wewe hapa ni sauti ya serikali tu. Sauti haibishani na koo."

"Koo likikabwa," Kiilu alisema, "sauti hukohoa."

Nzioka akaurudisha mkataba mkobani.

Kiilu alimwita Muthoki kando asubuhi ya kutia sahihi. Alimweleza, ingawa Muthoki alikwishaelewa. Binti huyu alikuwa na mama mgonjwa Kitui na wadogo zake shuleni, na mshahara wake ndio uliokuwa paa la nyumba yao.

"Mimi nitasema jambo leo," Kiilu alimwambia. "Wewe kaa mbali nami. Sema unaumwa. Atafsiri mtu wao."

"Mtu wao atatafsiri anachotaka, Bwana Balozi."

"Ndiyo maana nakwambia umwa."

Muthoki alirekebisha kilemba chake. "Sijisikii mgonjwa," alisema.

Ukumbi ulikuwa na feni za umeme darini, maua mezani na wapiga picha. Madamu Odile aliketi upande mmoja, Nzioka upande mwingine katika suti yake nyeupe, na Kiilu mwisho wa meza, maana balozi alitakiwa kutia sahihi kama shahidi. Madamu Odile alipitia kurasa, akakunja uso. Alikuwa mtu wa kusoma kabla ya kushika kalamu. Akamgeukia Kiilu, akauliza kwa Kifaransa, na Muthoki akatafsiri:

"Anauliza: Balozi, hii ndiyo karatasi tuliyokubaliana?"

Nzioka alianza kusema ni marekebisho madogo tu. Kiilu alikuwa amekwisha kusimama.

"Hapana," alisema. "Siyo."

Akaendelea kwa Kiswahili, taratibu, kila sentensi akiiachia Muthoki nafasi.

"Mwambie waziri kwamba tuliyokubaliana naye ilikuwa ya wakulima. Hii ni ya watu wachache."

Muthoki akatafsiri.

"Wewe msichana, nyamaza," Nzioka alimwambia kwa sauti ya chini, meno yamefungwa. "Mimi ndiye mkubwa wako hapa."

"Mwambie pia," Kiilu alisema, "huyu anayesema nyamaza alishindwa na watu walioketi chini kwenye vumbi, na bado yuko bungeni."

Ukumbi mzima ulimtazama Muthoki. Akashikanisha mikono nyuma ya mgongo. Kisha akatafsiri lile pia, neno kwa neno, kwa Kifaransa chake safi, na akaongeza lile la Nzioka la kumwambia anyamaze, maana lilikuwa limesemwa mezani.

Madamu Odile alifunika kalamu yake. Akasema Santelmo haina haraka.

Kiilu akasukuma karatasi zikarudi mbele ya Nzioka. "Nilipewa bendera ya nchi niibebe," alisema. "Sikupewa niwafunikie macho watu wakiibiwa. Sitii sahihi."

Kalunde ndiye aliyesikia kwanza, tena redioni, saa saba mchana: uteuzi wa balozi umefutwa, kuanzia sasa. Majirani walikuja dukani na nyuso za msiba, wakamkuta Kalunde akinoa kisu. Mbuzi alikuwa amekwisha kufungwa mguu.

"Mwaitu, unafanya nini?" wakamuuliza.

"Mume wangu anarudi," Kalunde alisema. "Mnataka nimpokee kwa uji?"

Hakurudi mara moja. Uwanja wa ndege wa Nairobi walimnyang'anya pasipoti, wakampeleka chumba kisicho na dirisha. Mtu mmoja mpole alimuuliza swali lile lile kwa njia nyingi: nani alimtuma kuiaibisha serikali?

"Nyinyi," Kiilu alijibu. "Mimi nilikuwa Emali nakula nyama."

Walimwachia alipokuwa amekonda na kikohozi kimemshika, kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Muthoki alirudishwa pia, akaachishwa kazi. Kiilu alikwenda Kitui kumwona, kofia mkononi, akiwa na hofu ambayo hakuwa nayo mbele ya wale wa chumba kisicho na dirisha. Mama yake Muthoki alimkazia macho kwa muda mrefu bila kumkaribisha kiti.

"Wewe ndiye uliyemponza mtoto wangu."

"Ndiye mimi, mwaitu."

"Hakuniponza," Muthoki alisema kutoka jikoni. "Nilikuwa na mdomo wangu mwenyewe." Akaleta chai. Mama alikunywa yake, na ilikuwa baada ya ziara nyingi za Kiilu na mbuzi wawili wa Abubakar ndipo alipoanza kumwita kwa jina.

Leseni za malori zilikataliwa. Malori yakakaa nyuma ya duka, magurudumu yakitoka upepo, kuku wakitaga chini ya injini. Kiilu akanunua punda. Mbaazi za Mukuyuni zilifika stesheni ya Emali kwa mikokoteni, na madereva waliokuwa wakimwogopa barabarani wakampigia honi za heshima walipompita.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na mbili nchi ilipiga kura tena, vyama vingi, karatasi na masanduku. Kiilu alisimama. Nzioka alisimama. Kijana mmoja mwalimu, Mutiso, akasimama pia, akitembea kwa baiskeli nyumba kwa nyumba. Kila mtu alijua Kiilu atashinda, Kiilu akiwa wa kwanza wao. Kura zilihesabiwa mchana kweupe, mawakala wakitazama. Mutiso akashinda. Kiilu akawa wa pili. Nzioka hakuna aliyejishughulisha kukumbuka alikuwa wa ngapi.

Vijana walimjia Kiilu wakiwa moto. Wakamwambia aseme neno moja tu, waketi tena chini, wafunge barabara ya Mombasa.

"Mtaketi kwa nini?"

"Balozi, kiti ni chako! Umeteseka kwa ajili yake."

Jambo hilo lilimuuma Kiilu, na hakujaribu kuwaficha.

"Mwaka ule niliibiwa," alisema. "Leo nimeshindwa. Nikianza kulia sawasawa kwa yote mawili, basi Nzioka alikuwa na haki ya kunicheka. Nendeni nyumbani."

Akavaa koti lake la ubalozi, akamkokota Kalunde, wakaenda kwa miguu nyumbani kwa mwalimu kumpa mkono. Mutiso alipowaona wakiingia alidhani wamekuja kugombana, akamwita mkewe aingize watoto ndani.

Biashara ilifunguka polepole miaka iliyofuata. Vibali vikaacha kuwa fimbo. Muthoki alihamia Emali, akaanza kuandikiana na Madamu Odile, ambaye hakuwa waziri tena lakini alimjua kila mtu. Hatimaye mbaazi za ushirika zikaanza kwenda visiwani kupitia Mombasa. Hawakutajirika. Misimu mingine mvua ilikataa, na msimu mmoja wadudu walikula nusu ya mavuno maghalani. Lakini bei ilijadiliwa hadharani Mukuyuni, na aliyetaka kubisha alibisha.

Mwaka wa tisini na saba ikaja mvua isiyo ya kawaida, ile iliyobomoa madaraja na kukata barabara. Magunia ya ushirika yalikuwa ng'ambo ya mto, meli ikisubiri. Afisa mmoja kijana alikuja na koti la mvua akawaambia wakulima wasubiri serikali ijenge daraja.

"Lini?" Muthoki aliuliza.

"Tutaangalia," afisa alisema.

Muthoki na Kiilu wakatazamana.

Abubakar, mzee sasa, ndevu nyeupe, alituma kutoka Mwingi kamba za kufungia ng'ombe, nene kama mkono. Wakazifunga kwenye miti, upande huu na upande ule. Kiilu akavua viatu, akakunja suruali. Alikuwa amepita miaka sitini na alikohoa hata akiwa amelala.

"Baba Mutheu, toka hapo!" Kalunde alipiga kelele kutoka ukingoni. "Mto huo haujui wewe ni nani."

"Utanijua," Kiilu alisema, akaingia.

Maji yalimfika kifuani. Mwalimu Mutiso, mheshimiwa wao, aliyekuja kutazama mafuriko, alisimama kidogo akishika mwavuli, kisha akamkabidhi afisa ule mwavuli, akaingia nyuma yake. Wakaingia wengine. Magunia yakaanza kupita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, maji ya matope yakiwavuta miguu, na wanawake ng'ambo wakiyapokea na kuyalaza juu ya maturubai. Mawili yalichukuliwa na mto. Mengine yalilowa ikabidi yafunguliwe na kuanikwa upya kwenye sakafu ya kanisa, na kwa siku kadhaa waumini waliabudu nje.

Kiilu alitolewa majini jioni, midomo ikiwa ya buluu. Kalunde alimfunga blanketi, akimtukana kwa Kikamba na Kiswahili bila kupumzika, akimsugua mgongo.

"Yamepita?" Kiilu aliuliza alipoweza kusema.

"Yamepita. Kunywa chai."

"Yote?"

"Kunywa chai, wewe mzee."